Kuanzia majini: shajara ya matembezi ya jahazi na taarabu, Mji Mkongwe wa Unguja

9 Januari

Leo tumekubaliana, barazani kwetu, baada ya alasiri. Matembezi yataanzia Funguni kwenye majahazi na yataishia Vuga, mlangoni kwa wapigaji taarabu. Katikati tutapita Malindi, Mizingani, Forodhani na Shangani. Ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa mtu asiyekimbilia boti.

Nimetembeza wageni Mji Mkongwe kwa miaka 11. Nawaonesha milango, nawaeleza misumari ya shaba, nawafikisha Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, tunamaliza Darajani kwenye viungo. Ni kazi ya halali na naipenda. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu: mgeni anaondoka ameuona mji, hajausikia. Bahari kwake ni pahala pa kupigia picha jua linapotua. Taarabu ni watu wawili waliovishwa kanzu kando ya meza za chakula, wakaambiwa wapige polepole ili wanaokula wapate kuzungumza.

Nataka kuonesha kwa miguu kwamba vitu hivi viwili ni kimoja. Kilichopigwa Vuga jana usiku kilishukia pwani ya Malindi miaka mingi nyuma, pamoja na tende na mazulia.

Tuko watatu. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, nahodha aliyestaafu. Maalim, mpiga ganuni (ala ya nyuzi inayolazwa mapajani), ambaye mtaa mzima unamwita hivyo na mimi siwezi kumwita vyengine. Na mimi, mwenye daftari na miguu.

13 Januari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Funguni. Kaskazi imeshika. Ami alitaka nije maji yakiwa yametoka, jahazi limekaa mchangani, kwa sababu, kama alivyosema, chombo kikielea kinakuficha nusu ya mwili wake.

Nilipofungua daftari akaniambia nilifunge kwanza. Fundi mmoja alikuwa anatia kalafati. Amechuchumaa ubavuni mwa chombo, anasokota pamba iliyorowa mafuta baina ya kidole gumba na cha shahada, anaipachika kwenye upenyo wa mbao mbili, kisha anaikandamiza kwa patasi na nyundo ya mti. Ko, ko, ko. Anasogea kidogo. Ko, ko, ko. Mimi nilikuwa natazama mkono wake. Ami akanigusa bega.

"Usitazame, mwanangu. Sikiliza. Pamba ikishiba, mbao inabadilisha sauti."

Na kweli. Mapigo ya kwanza yalikuwa mazito na matupu, kama kugonga mtungi. Halafu ghafla likaja pigo moja kavu, la juu, na fundi bila kulitazama akahamia upenyo unaofuata. Anafanya kazi kwa sikio. Nimepita pale maisha yangu yote, na sikuwahi kujua.

Hicho ndicho kituo cha kwanza. Sitasema neno mpaka wageni wenyewe waisikie ile sauti ikigeuka.

Baadaye, tumekaa juu ya boriti zilizoteremshwa, Ami alinipa upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba hivi hadi Machi, ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, ndiyo iliyovirudisha. Hayo tunafundishwa skuli. Alichoongeza yeye ni kile kilicho katikati. Nahodha akishusha shehena Januari hawezi kuondoka Februari, hata akitaka. Upepo uko usoni mwake. Anakaa na mabaharia wake wote, wageni wa mji, na kila siku ina usiku wake. "Watu wanaongoja upepo hawalali na magharibi," alisema. Wanakaa barazani, wanasimulia, mtu ana udi, ile ala ya nyuzi, mtu ana ngoma, mwenyeji anajifunza wimbo wa mgeni na mgeni anaondoka na wa mwenyeji.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mbele. Wengi husema biashara ndiyo iliyoleta muziki. Mimi sasa naona kungoja ndiko kulikoukuza.

17 Januari

Tatizo la kwanza. Niliweka matembezi yaanze saa tatu asubuhi kila siku, kama ziara nyengine zote. Ami alicheka kwa upole na kunichorea mstari mchangani. Wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Saa tatu ya leo jahazi liko mchangani, saa tatu ya wiki ijayo linaelea na fundi wa kalafati yuko nyumbani.

Kwa hiyo saa ya kuanza itafuata maji. Nimechora ratiba ya mwezi mzima kwa mujibu wa mwezi wa angani. Wakala mmoja wa utalii niliyempelekea alisema wageni hawatakubali ziara isiyo na saa maalumu. Nimemjibu kwamba wanaokwenda kuvua wanakubali.

21 Januari

Siku tatu nimezungusha njia baina ya Mizingani na Shangani. Nilikuwa na vituo 14 na vyote vilikuwa ni habari moja moja, haishikani na jirani yake. Leo nimeona uzi. Uzi wenyewe ni Bombay.

Sayyid Barghash, kabla hajawa Sultani, alihamishiwa Bombay baada ya jaribio lake la 1859 la kumng'oa kaka yake Majid kushindikana. Alipotawala, kuanzia 1870 hadi 1888, aliujaza mji huu vitu alivyoviona ng'ambo. Ndiye anayesimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, ili aje kuwafundisha wengine hapa. 1905 kikazaliwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kipo mpaka leo.

Kisha Siti binti Saad, muimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba karibu na 1880, akawa akiingia mjini na vyungu kichwani, ananadi kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hajatokea kwenye kona. 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi santuri kwa His Master's Voice. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki sauti yake kuingia kwenye santuri, na sauti hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Mtoto wa watu waliokuwa watumwa alitoka bandari hii kama abiria, akarudi kama sauti, ndani ya makasha ya santuri yaliyoteremshwa na mahamali kwenye forodha ile ile. Kila nikilifikiria hili nasimama kidogo.

Na wa tatu ni yule ambaye kila mgeni ananiuliza. Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa hapa 5 Septemba 1946, dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury. Nilikuwa nampitisha haraka, picha mlangoni Shangani, twende. Sasa naona nilikosea. Wazee wake walikuja kutoka upande wa Gujarati, na yeye alipofika miaka minane alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, si mbali na Bombay. Ni njia ile ile ya Barghash na Siti. Mgeni akisikia majina haya matatu kwa mpangilio huo, nyumba ya Shangani inaacha kuwa kioja cha pekee na inaingia ndani ya mji.

Vituo vimebaki tisa.

25 Januari

Kidumbak. Maalim alipinga mwanzo. Alisema taarabu ina adabu yake, na kidumbak ni ngoma ya harusini ya kuchezea viuno. Nilimwambia, "Maalim, bila ya kidumbak, nitawaambia wageni kwamba muziki wa bandari ulikuwa wa kasri tu." Alinyamaza, akanywa kahawa, akasema niende Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa Mji Mkongwe, nikamuone mtu fulani.

Nikaenda leo. Mpiga sanduku ana sanduku la mbao nyepesi lenye pembe za bati, aina ile iliyokuwa ikija na majani ya chai. Limefunuliwa upande mmoja na kuwekwa kifudifudi. Katikati ya ubao wa juu pana tundu dogo, umepita uzi mnene uliofungiwa fundo ndani. Ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye fimbo inayosimama ukingoni. Ameweka mguu mmoja juu ya sanduku, mkono wa kushoto umeshika fimbo, wa kulia unapiga uzi. Akiivuta fimbo nyuma, uzi unakaza na sauti inapanda. Akiilegeza, inashuka hadi pale ambapo huisikii tena kwa sikio, unaihisi kwenye nyayo.

Nilipiga magoti nikasoma ubavu wa sanduku. Rangi imefutika karibu yote, zimebaki herufi chache na alama ya almasi iliyochongeka. Hilo ni kasha la meli. Limebebwa mgongoni na hamali, limefunguliwa dukani, chai imeuzwa kwa vikopo, na mtu asiyeweza kununua besi ya Ulaya akalitazama lile kasha tupu akaliona lina sauti. Pembeni yake fidla moja, ngoma mbili ndogo, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonga, na harusi imekamilika.

Nimemuomba aje kucheza Malindi, nje ya ghala, mara mbili kwa wiki. Amekubali kwa sharti tulipe nauli ya sanduku pia, maana kwenye daladala linakaa kiti cha mtu. Hilo ni haki.

30 Januari

Leo nimekosea na naandika ili nisirudie.

Tulifanya jaribio na majirani wanane. Pale Malindi nilimweka kijana wa udi kwenye kivuli cha uchochoro, karibu na msikiti. Nilihesabu maji, nilihesabu jua, sikuhesabu sala. Ameanza tu kupiga, adhana ya alasiri ikatoka juu yetu. Kijana aliacha hapo hapo, lakini wimbo ulikuwa umeshaingiliana na adhana kwa pumzi mbili tatu. Mzee mmoja aliyekuwa anavua viatu akanijia. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, udi ni mzuri. Saa ndiyo si yake, na pahala si pake."

Hakuna aliyegomba. Niliona haya mpaka usiku. Nimekwenda leo baada ya isha kumtaka radhi, akaniambia baba yake alikuwa mpigaji fidla, na kila alipopita mbele ya msikiti alikuwa akiibeba fidla chini ya kanzu.

Mabadiliko: hakuna ala inayopigwa ndani ya hatua hamsini kutoka msikiti wowote, na ratiba ya maji sasa imepandishwa juu ya ratiba ya sala. Siku nyengine nafasi inayobaki ni ya saa moja na nusu tu. Siku hizo tutatembea nusu ya njia.

6 Februari

Wanafunzi wa skuli, darasa zima. Mizingani niliwasimamisha mbele ya Forodha ya Kale. Kwa miaka mingi jumba hilo lilikuwa na Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichoanzishwa 2002. Nikawaambia: hapa palitozwa ushuru, halafu hapa pakafundishwa udi. Mtoto wa kike mmoja akauliza, "Na ushairi unaitwa bahari kwa sababu ya hii?" akanyooshea kidole majini.

Nilisita. Tunasema bahari za ushairi, utenzi ni bahari, wimbo ni bahari, na neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu ambako elimu ya mizani hutumia neno lile lile. Nikamjibu hivyo. Kisha nikawagawa makundi mawili waimbe ubeti wa mishororo mitatu waliofundishwa darasani, mizani minane upande huu, minane upande ule, huku wakitazama mawimbi. Waliimba kwa mwendo wa mawimbi bila kuambiwa.

Swali lake sasa limo ndani ya matembezi.

Wiki ya Busara

Hakuna kazi ya maana iliyofanyika, mji umejaa. Tamasha hili la muziki, Sauti za Busara, lilianza 2004 na mara nyingi limekuwa likifanyika Ngome Kongwe, ngome ya Waomani ya tangu mwisho wa karne ya 17. Nilikaa ukutani usiku mmoja nikamkumbuka Bi Kidude, aliyefariki 17 Aprili 2013, akiimba hapa bila viatu, ngoma ya msondo imefungwa kiunoni. Wageni wananiuliza habari zake kuliko za Siti. Nimeamua kumzungumzia ngomeni, lakini kwanza kama somo, yaani kungwi, wa unyago, kazi aliyowafanyia watoto wa kike wa kisiwa hiki, kisha kama msanii aliyepewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005.

19 Februari

Forodhani ndipo penye uzito, na ndipo ninapopata shida zaidi.

Mbele yetu Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883. Sehemu yake iliporomoka 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafariki. Ndani yake kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, uliojengwa upya ili watoto wetu waone mababu walisafiri na nini. Nilizoea kuingiza watu pale. Sasa nasimama nje ya uzio na kuzungumza na ukuta.

Nilitaka kukiondoa kituo hiki. Ami hakukubali. Akaligeuzia mgongo jumba akatazama bahari, akaniambia nami nigeuke. Pale majini, alisema, babu yake alimuonesha palipokuwa na milingoti. Meli ya Sultani, HHS Glasgow, ilizamishwa hapa 27 Agosti 1896, katika vile vita vya Waingereza vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Maji hapo ni ya kina kidogo, meli ikakaa chini na milingoti yake mitatu ikabaki imesimama juu ya maji kwa miaka mingi mbele ya kasri. Watu walikuja bustanini jioni, wakasikiliza bendi ya Sultani, ambayo wapigaji wake walikuwa Wagoa, na milingoti iko pale.

Basi hivi ndivyo tutakavyofanya. Wageni wataligeuzia mgongo jumba. Ami atawasimulia milingoti kwa kinywa chake, na mimi nitatafsiri tu. Kisha watageuka wenyewe walitazame jumba, na mimi sitasema kitu. Tumejaribu na watu wanne. Dakika nzima hakuna aliyenyanyua simu.

Kibanda cha bendi bado kipo bustanini, watoto wanapanda juu yake kuruka. Wengi wanapita bila kujua kilijengwa kwa ajili gani. Nimekiongeza.

24 Februari

Fedha. Naandika kwa ufupi ingawa ndilo lililotuchukulia jioni nzima. Nusu ya kiingilio inakwenda kwa wapigaji na kwa fundi wa kalafati, na inalipwa siku ile ile, mkononi. Mwenye hoteli mmoja alitaka tumpunguzie bei kwa kuwa wapigaji watapata kujulikana. Maalim alimjibu kwamba yeye amejulikana tangu kabla ya hoteli hiyo kujengwa, na kodi ya nyumba hailipwi kwa kujulikana. Hatujaingia mkataba naye.

Kuhusu kutunza: mgeni akitaka kumtunza muimbaji, tutamfundisha namna. Unainuka, unakwenda kwa mwendo wa wimbo, noti mkononi juu kidogo watu waione, unampa au unaiweka mbele yake, unarudi. Hurushi fedha kutoka kitini.

27 Februari

Jaribio la mwisho kabla ya Ramadhani. Mwezi ukiandama vikundi vinafunga mazoezi, kwa hiyo ilikuwa leo au baada ya Idi. Maji yalitoka asubuhi mapema, tukaanza Funguni saa moja. Wageni sita, wanne wa Dar es Salaam na wawili kutoka Muscat ambao bibi yao alizaliwa Malindi hii hii. Pamba ilishiba, mbao ikabadilisha sauti, na mmoja wa wale wa Muscat akageuka kunitazama kabla sijasema kitu.

Tulimaliza Vuga. Maalim alikuwa ameshakaa, ganuni mapajani. Ana nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na alikuwa anazikaza mmoja mmoja kwa ufunguo mdogo wa chuma. Nilitaka kuwaomba wageni radhi kwa kungoja. Kisha nikakumbuka nilichokiandika ukurasa wa mbele, nikanyamaza. Tukangoja. Robo saa nzima tunasikiliza ganuni inatafuta sauti yake, na hakuna aliyeondoka.

Ami hajawahi kuingia chumba kile, pamoja na miaka yake yote mjini. Alisogea akainama juu ya ala, akaweka kidole upande wa kulia, pale ambapo daraja la nyuzi linasimama juu ya vipande vya ngozi vilivyowambwa.

"Ngozi ya nini hii, Maalim?"

"Hii ya mbuzi. Za kizamani zilikuwa za samaki."

Ami hakuondoa kidole. Akauliza samaki gani. Maalim akasema waliomfundisha walisema samaki tu, hawakutaja jina. Wakaanza, wale wazee wawili, kuhesabu samaki wa maji haya mmoja mmoja kwa ngozi yake, ya yupi inachanika, ya yupi inakauka ikawa kama bati, ya yupi ina mafuta. Wageni walikaa sakafuni wakiwasikiliza. Wimbo wenyewe ulichelewa kuanza, na ulipoanza Ami alikuwa bado amesimama pembeni ya ganuni.

Yaliyobaki: kibali cha kuingia gatini Malindi, mto wa kukalia wa Maalim, na nauli ya sanduku ya wiki hii. Baada ya Idi Ami atakwenda mnadani alfajiri kutafuta ngozi. Anataka kujaribu tatu tofauti.